Mikia ya Nyimbo

Harufu ya ndakala wanaokauka juani huwakumbusha watu wengi wa Kalemie ugali wa moto na pilipili. Mimi hunikumbusha tarumbeta. Nikipita ufukweni pale akina mama wanapowageuza samaki wale wadogo, midomo yangu hujibana yenyewe, na anayetembea nami hudhani nimenuna. Sijanuna. Vitabu nilivyojifunzia muziki vilinuka ndakala kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho, maana Mama Faida aliyetuuzia alipanga meza yake sokoni katikati ya wauza samaki, na karatasi hainaga ubishi, inanywa kila harufu inayopita.

Kama ulikulia mjini kwetu wakati mmoja na mimi, utamkumbuka Mama Faida. Alikuwa akivuka ziwa kwenda Kigoma na kurudi na sabuni, vitenge, na gunia la vitabu vilivyochoka: vya shule, vya dini, vya kupika keki ambazo hakuna mtu kwetu aliyewahi kuzionja. Mara chache, katikati ya mchanganyiko ule, kulikuwa na vitabu vya noti za muziki. Nani angevinunua? Baba yangu. Mama Faida alivitenga chini ya meza na kumsubiri.

Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alitengeneza redio karibu na stesheni ya treni, na mji mzima ulimwita Papa Redio. Redio iliyopona ilikaa kwake siku moja zaidi, kwa majaribio, alivyowaambia wenyewe, na katika majaribio hayo ndipo jazz ilipomkuta. Alizungusha kidude polepole akitafuta stesheni za mbali, mpaka muziki ule ukaja na mikwaruzo yake, tarumbeta moja ikisema jambo na nyingine ikilipokea. Jumapili alipuliza tarumbeta katika fanfari, bendi ya matarumbeta ya kanisa letu, na nyimbo za Mungu akazitia mwendo ule wa kuyumba kidogo. Papa Zakaria, kiongozi wa fanfari, alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni. Mama naye hakuufurahia sana, kwa kuwa kwake jazz lilikuwa neno la bendi za baa alizozifuata Papa ujanani.

Fanfari ile ilikuwa na desturi yake. Vyombo vilikuwa vya kanisa, lakini viliishi majumbani kwa waliovipuliza, vikatunzwa kama mtoto wa ndugu aliyekuja kusoma. Papa alipangusa tarumbeta yake kwa kipande cha kitenge na kulainisha pistoni kwa tone la mafuta ya taa. Asiyeweza kupuliza tena alirudisha chombo ndani ya sanduku lake, akapewa mwingine aliyekuwa akisubiri, na waliokuwa wakisubiri hawakukosekana. Mtoto hakupewa chombo kwa jina lake. Tarumbeta yangu, ndogo na yenye kibonyeo mdomoni, ilikuwa nyumbani kwa jina la Papa. Papa akitoka, nayo inatoka. Nililijua hilo, lakini nililijua jinsi mtoto anavyojua kwamba ziwa lina kina.

Siku ya kuchagua kitabu changu cha kwanza naiona mpaka leo. Mama Faida alivuta vitabu kutoka chini ya meza, akavipiga mavumbi, magamba ya samaki yakaruka. Kimoja kilikuwa kinene, na juu yake kijana mwenye koti la rangi ya divai amefumba macho na tarumbeta imeelekea mbinguni. Nilikipenda kabla hakijafunguliwa. Kingine kilikuwa chembamba, hakina picha, na mtu alikuwa amewahi kuweka kikombe cha chai juu yake.

"Papa Redio, hii kubwa njo ya mafundi," Mama Faida alisema. "Mutoto akimaliza hii, anaenda kupuliza Kinshasa."

Papa hakuchagua kitabu kwa jalada. Alikifungua katikati, akaweka kidole juu ya mstari wa noti na kukifuata taratibu mpaka pale penye alama ya kupumzika, huku vidole vya mkono wa pili vikibonyeza paja lake. Akafungua ukurasa mwingine, akafanya vilevile. Kisha akakifunga kile kinene na kumrudishia.

"Hii inataka kifua," alisema.

Nilijitazama kifua. Nilikuwa msichana mwembamba, mbavu zinahesabika. Masikio yakaniwaka moto, kwa sababu Mama Faida naye alinitazama palepale nilipojitazama.

"Tutakamata hii ndogo," Papa akaendelea. "Ni ya tarumbeta mbili. Mimi na weye."

"Lakini hii haina hata picha," nikasema.

"Picha inapuliza?"

Mama Faida akacheka, na mimi nikabeba kitabu changu cha chai nyumbani kwa hasira.

Kile chembamba kilikuwa kweli cha jazz, ila kilifundisha jambo moja tu, ambalo nilikuja kulichukia. Kila zoezi lilikuwa sentensi ya muziki iliyokatwa. Tarumbeta ya kwanza inaanza, inafika katikati inanyamaza, ya pili inadakia palepale na kumaliza, na anayesikiliza hatakiwi kujua wapi pana mshono. Papa alichukua mistari ya juu, mwanzo. Mimi nikapewa mistari ya chini. Jioni baada ya jioni nyuma ya nyumba yetu, majirani wakipepea majiko yao, nilisimama na chombo mdomoni nikimsubiri Papa aonje utamu, kisha nikaingia kumalizia mabaki.

"Papa, mbona mimi sianzagi?"

"Kuanza ni rahisi. Kumaliza njo kazi."

Nilijua ananidanganya. Nilikuwa na ushahidi wangu. Nyumbani kwetu Papa ndiye aliyetia mkono kwanza kwenye ugali. Sala ya jioni aliianza yeye, Mama akasema amina. Kanisani wanaume walikaa mbele, na katika fanfari hapakuwa na msichana mwingine ila mimi, nami nilikubaliwa kwa kuwa nilikuwa wa Papa Redio. Basi na nyimbo ni vilevile, nikahitimisha: vichwa ni vya wanaume, sisi tunapewa mikia. Nilimwambia hivyo rafiki yangu wa shule, naye akanishauri nijifunze kushona.

Lakini Papa alikuwa mwalimu mgumu wa mikia. Nikichelewa kidogo tu kuingia, alisimamisha zoezi. Nikiingia kwa kishindo, alisimamisha. Alitaka niichukue sauti yake ikiwa bado hai, kwa nguvu ileile, kama watu wanaopokezana beseni la maji bila kumwaga. Baadaye aliweka kitabu kando kabisa na kunifundisha kwa mguu: akinikanyaga kidogo, niingie, hata kama ni katikati ya neno. Jumapili tulikaa pamoja katika fanfari, kiatu chake kando ya sandali yangu, na nilianza kukanyagwa kanisani. Wimbo unaanza, Papa anaubeba mstari mrefu, nakanyagwa, naudaka. Papa anabaki amejaza mashavu, vidole vinabonyeza, lakini sauti ni yangu. Waumini hawakujua. Hata Papa Zakaria hakujua. Nilidhani ni mchezo wetu wa siri, na kusema kweli niliupenda mchezo huo kuliko nilivyowahi kumkubalia Papa.

Hapo katikati Mama na Papa walianza kugombana. Waligombana Kitabwa, lugha waliyotumia mambo yalipokuwa mazito na ambayo sisi watoto tuliisikia kwa vipande. Nyuma ya pazia neno moja tu niliweza kulishika, jazz, na tena jazz, na sauti ya Mama ikipanda. Nikaelewa, kwa akili yangu ya wakati ule, kwamba Mama anaona aibu Papa kuleta muziki wa baa ndani ya nyumba ya Wakristo. Nikawa upande wa Papa. Nilimnunia Mama wiki nzima, nikawa namjibu kwa kichwa, na yeye aliniacha ninune.

Kwetu ni mlimani kidogo, na kutoka kanisani tulipanda. Papa alikuwa na sifa ya kujua kusalimia watu. Kila nyumba kwenye mteremko ule alisimama. Habari za asubuhi, habari za wazee, watoto wanaendelea namna gani, ule mbuzi alizaa? Akiwa amesimama hivyo mkono kiunoni, anatikisa kichwa kwa kila jibu na kuomba arudiwe, watu walimpenda sana kwa namna anavyowasikiliza. Nilikuwa natembea mbele, jua linanichoma, namlalamikia moyoni mtu gani huyu ana maneno mengi hivi. Nikikumbuka sasa, naona kwamba Papa alikuwa anauliza maswali mafupi na kupenda majibu marefu.

Mama Faida alirudi tena kutoka Kigoma. Safari hii kitabu cha solo, cha tarumbeta moja peke yake, kilikuwepo kingine, kipya zaidi, karatasi nyeupe, na ndani mistari mirefu imepanda na kushuka ukurasa mzima. Papa alikitazama kwa muda mrefu sana. Alikisoma kimyakimya, midomo imefungwa, vidole vinacheza juu ya meza ya Mama Faida karibu na rundo la ndakala, na niliona uso wake unabadilika kama mtu anayesikia habari za rafiki wa zamani. Nikajua leo tunacho.

Akakifunga.

"Iko na kingine cha watu wawili?" aliuliza.

"Papa Redio, weye!" Mama Faida alisema. "Muda wote wawili, wawili. Huyu mutoto hataolewa na weye."

Kilikuwepo. Katika kitabu hiki cha pili tarumbeta ya kwanza ilikuwa na noti chache sana, mara nyingine mbili tu, halafu kimya, na ya pili ikabeba mstari mpaka chini ya ukurasa. Papa alisema, "Hii njo yetu," akakitia kwapani. Nami safari hii sikulalamika. Nilikuwa nimeona kwamba mkia wangu unarefuka. Nyumbani Papa alianza pia kuzigawa nyimbo za kanisa upya, kwa penseli, na kila alipogawa mwanzo wake ulipungua na mwisho wangu ukaongezeka, mpaka mkia ukawa unataka kumla ng'ombe. Niliona napandishwa daraja. Nilitembea shuleni nimeinua shingo.

Papa alikuwa mgonjwa wa kifua. Wewe msomaji umeshajua, umejua zamani, na ndiyo maana nikisimulia haya huwa naona aibu kwa yule msichana aliyeinua shingo. Hospitali walikuwa wamemwambia aache kupuliza. Mama alikuwepo alipoambiwa. Akiacha, vyombo vinarudi kanisani, na mimi nilikuwa bado sijui kitu. Basi akachagua vitabu vile ambavyo vingemwezesha kuonekana anapuliza na papo hapo vingenifundisha haraka. Kile kinene kilichotaka kifua, kilitaka kifua chake. Mimi nilikuwa nacho.

Mpaka leo namkasirikia kwa hilo. Watu wananiambia ni upendo mkubwa, nami nawakubalia kwa adabu, lakini alitumia pumzi yangu bila kuniambia. Angeniambia ningempa yote. Ningempa na kisha ningemwomba aache. Kila Jumapili niliyommalizia mstari nilimpa uwezo wa kuanza mwingine, na hakuna daktari atakayeniambia mistari ile ilimgharimu nini. Baada ya mazishi Mama aliniambia jambo ambalo alikuwa amelibeba peke yake. "Nilikuwa naomba Mungu usijue kupuliza haraka," alisema. "Ukipuliza vizuri nalia." Na mimi nilikuwa nikimnunia kwa sababu ya muziki wa baa.

Siku yenyewe ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kanisa limejaa, mahindi na mihogo na mikungu ya ndizi imepangwa mbele, watoto wanasukumana madirishani. Wimbo wa kwanza ulikuwa unaanzwa na tarumbeta peke yake, Papa, kisha fanfari yote inafuata. Papa Zakaria akainua mkono. Akaushusha. Hakuna kitu. Nilisikia upepo mdogo tu ukipita ndani ya chombo cha Papa, sauti ya mtu anayepuliza uji usimuunguze. Papa Zakaria akainua mkono tena, akaushusha, na upepo ule ukapita tena.

Nilipaswa kuanza badala yake. Chombo kilikuwa mikononi mwangu na wimbo nilikuwa naujua. Lakini sikuwa nimewahi kuanza wimbo wowote maishani mwangu. Sikujua mtu anaanzaje, anavuta hewa wapi, anaipata wapi ile noti ya kwanza wakati hakuna sauti ya mtu ya kuishika. Nikafanya nilichofundishwa. Nilihesabu kimya cha Papa kichwani, mpaka pale alipozoea kunikanyaga, na hapo nikaingia kwa nguvu zangu zote, nikamaliza vizuri kabisa, mkia mtupu. Kanisa zima likageuka. Watoto wa dirishani walicheka, na fanfari ikaingia nyuma yangu kila mtu na mahali pake. Nilimtazama Papa kwa hasira, nikidhani amenifanyia kusudi. Alikuwa amekaa, macho yametoka, kiatu chake kinakanyaga sakafu, kinakanyaga, kinakanyaga.

Hatukupanda mlima siku ile. Alipandishwa kwa pikipiki, Mama akimshika kwa nyuma.

Katikati ya juma Papa Zakaria alikuja nyumbani. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia, akakaa, akanywa maji aliyopewa, na masanduku matupu aliyokuja nayo aliyaacha mlangoni kama anayaonea haya. Papa alikuwa kitini na blanketi miguuni, ingawa jua lilikuwa kali.

"Papa Redio, sheria unaijua kuliko mimi," alisema. "Mugonjwa anapumuzika. Vyombo vinarudi."

"Daktari alimukataza zamani," Mama akasema kutoka mlango wa jikoni. Alisema Kiswahili, kwa sauti, ili nami nisikie. "Zamani, Papa Zakaria. Na alikuwa anapuliza na kifua ya huyu mutoto."

Ndipo nilipojua. Hakuna aliyenieleza zaidi ya hapo, na sikuhitaji zaidi. Viatu, mteremko, vitabu, Kitabwa, yote yalinifikia kwa pamoja.

"Na tarumbeta ya mutoto?" Papa aliuliza. Ilimchukua muda kulisema lote.

"Mutoto hapewi chombo. Na tena, unisamehe, huyu hajui kuanza. Wote tulisikia."

"Anajua."

"Papa, mimi sijui," nikasema.

Hakunitazama. "Simama. Anza pale pangu."

Nilisimama kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira ilinisaidia kuliko ujasiri. Niliwakasirikia wote watatu na masanduku yao. Nikaweka chombo mdomoni. Noti ya kwanza ilitoka mbaya, imepasuka, ya aibu. Ya pili ikakaa. Nikaushika mstari wa Papa, ule wa wimbo wa mavuno, nikaupeleka na kale kayumbo kake ambako Papa Zakaria hakukapenda, na nilishangaa jinsi ulivyo mzito huko mwanzoni, ulivyokuwa mzito muda wote. Nikafika katikati. Pumzi ninayo, tele, lakini nikanyamaza. Nilimtazama Papa, kwa sababu pale wimbo ulikuwa unabadilisha mikono, na sasa ilikuwa zamu yake.

Vidole vyake vilikuwa vinabonyeza juu ya blanketi. Mdomo ulikuwa umefunguka, hautoi kitu.

"Maliza, mama," Mama aliniambia, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwangu. "Maliza yote."

Nikamaliza.

Papa Zakaria alikaa akikuna goti. "Iko na kosa pale mwanzo," alisema mwishowe.

"Iko," Papa akakubali. "Atarekebisha."

Papa Zakaria aliinuka, akachukua tarumbeta kubwa ya Papa kutoka juu ya kabati, akailaza sandukuni kwa uangalifu na kufunga vishikizo. Sanduku dogo alilisukuma kwa mguu mpaka kwangu. Aliniuliza jina langu lote, la nyumbani na la ubatizo, ingawa alinijua tangu nazaliwa, akalirudia polepole ili alikumbuke. Kisha akavaa kofia, akatoka.

Papa hakuiona mvua iliyofuata. Lakini siku ile sikuwa na habari ya mvua. Nilikuwa nimesimama katikati ya nyumba na chombo kilichokuwa sasa cha jina langu, jasho linanitoka, nikingoja mtu aniambie neno. Niligeuka ili Papa aniambie nimepulizaje. Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea ukutani, kifua kinapanda na kushuka taratibu, mikono imefunguka juu ya blanketi, amelala mchana kweupe, yeye ambaye sikuwahi kumwona akilala mchana. Nilijisikia vibaya sana. Nimepuliza wimbo mzima peke yangu, mara ya kwanza, na Papa amechoka kunisikiliza! Nilifungua mdomo nimwamshe nimwambie, na Mama akanishika mkono, akaniongoza nje.